Supu za mboga za kupika nyumbani Bukavu wakati wa mvua na baridi

Mjini Bukavu mvua huanza mwezi wa Septemba na haituachi hadi Mei. Katika miezi hiyo zipo siku ambazo inaanza kunyesha alfajiri, njia za udongo za Kadutu na Panzi zinageuka kuwa utelezi mtupu, na mtu anayeifahamu miteremko ya mji wetu hatoki nyumbani pasipo sababu ya maana. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mvua ikidumu, baridi nayo huingia hadi vyumbani, na familia nzima hujikuta imesogea karibu na jikoni ikisubiri kitu cha moto. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupika supu za mboga kwa vitu vinavyopatikana katika masoko yetu, kwa mbabula (jiko la makaa) au kwa resho ya umeme, bila nyama na bila mashine ya kusagia.

Watu wengi huichukulia supu ya mboga kuwa chakula cha mgonjwa, yaani maji ya moto ambamo vipande vya karoti vinaelea, na lawama huziangukia mboga zenyewe. Kwa maoni yangu mboga zinaonewa. Kinachoiharibu supu mara nyingi ni kwamba kila kitu kimekatwa kwa ukubwa mmoja, kimetiwa katika maji baridi kwa wakati mmoja, kisha kimechemshwa pamoja hadi vilivyo laini vimepondeka na vilivyo vigumu vimebaki nusu vibichi. Ukifuata mpangilio wa kuvitia vitu sufuriani, na ukavumilia zile dakika kumi na tano za mwanzo kabla ya kumimina maji, mboga tatu au nne zinatosha kabisa.

Kununua na kuhifadhi kabla ya mvua

Manunuzi yafanyike siku ambayo bado kuna jua. Uwe unanunua Kadutu, Nyawera au katika soko la Beach Muhanzi, ambako maboti ya kutoka Idjwi hushusha mizigo, zigawe mboga zako katika mafungu mawili: zile zinazoweza kukaa nyumbani wiki nzima au zaidi, na zile ambazo lazima zipikwe kesho au keshokutwa. Katika fungu la kwanza wamo viazi mviringo, karoti, vitunguu, kabichi nzima isiyokatwa, boga zima, magimbi na maharagi makavu. Katika fungu la pili wamo lengalenga (mchicha), nyanya zilizoiva, seleri, na kwa kiasi fulani pwaro (liki), ambazo hustahimili siku nne au tano zikiwekwa mahali penye ubaridi. Mtu aliye na fungu la kwanza nyumbani hawezi kukosa supu hata mvua ikinyesha siku tatu mfululizo.

Karoti ukizinunua zikiwa na majani yake, yakate mara ufikapo nyumbani, kwa sababu majani huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi na kuuacha umenyauka. Mboga za kuhifadhiwa zisioshwe kabla ya siku ya kupikwa. Futa udongo kwa mkono na uziache kavu, kwani unyevu ndio unaoleta uozo. Viazi viwekwe gizani, ndani ya gunia au chini ya meza iliyofunikwa, kwa kuwa mwanga huvifanya viwe vya kijani, na ile rangi ya kijani ni dalili ya sumu ambayo haiondolewi kwa kuchemsha. Kiazi chenye kijani kidogo kikatwe sehemu hiyo kwa kina pamoja na machipukizi yote, na kilichogeuka sehemu kubwa kitupwe. Seleri hudumu ukiisimamisha ndani ya kikombe chenye maji kidogo na kuyabadilisha maji hayo kila siku.

Sombe nimeiacha nje makusudi. Majani ya muhogo yana chembechembe zinazozalisha sumu ya sianidi, ndiyo maana mama zetu huyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu. Si majani ya kurushwa ndani ya supu ya nusu saa.

Moto, na mahali pa kuuwasha

Hapa naomba msomaji asipite kwa haraka. Siku za mvua mbabula haiwezi kukaa uani, na watu huiingiza chumbani, hufunga mlango na madirisha ili joto lisitoke, na wakati mwingine huiacha ikiwaka hata baada ya chakula kuiva ili chumba kipate joto la kulalia. Makala, yaani makaa, yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama, kwa sababu makala yaliyokolea na kuwa mekundu bila moshi hutoa gesi hiyo vilevile. Mbabula iwekwe barazani chini ya paa, au jikoni penye mlango na dirisha vilivyo wazi pande mbili ili hewa ipite, na baada ya kupika itolewe nje au makala yazimwe kabisa. Mpishi akianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu, yeye na wote waliomo ndani watoke nje mara moja.

Kwa kuwa makala hupanda bei wakati wa mvua, inafaa kuyatumia kwa hesabu. Mfuniko unaoshika vizuri huokoa makala mengi. Tena mara sufuria inapochemka, punguza hewa inayoingia kwenye mbabula kwa kufunga kijilango chake, au kwa kufunika makala kwa majivu kidogo, kwa sababu supu haihitaji moto mkali baada ya hapo. Maji yanayoruka ruka hayana joto zaidi ya maji yanayotokota taratibu. Yanapungua tu upesi, na makala yanaisha bure.

Msingi wa supu zote

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu 6: vijiko 3 vya mezani vya mafuta, vitunguu 2 vya ukubwa wa kawaida, pwaro 3, karoti 4, kijiti kimoja cha seleri pamoja na majani yake, na lita 2 za maji. Seleri isizidi hapo, kwani ina tabia ya kumeza ladha nyingine zote.

Osha mikono, ubao na kisu kwa sabuni. Mboga zioshwe kwa maji safi, hasa katika eneo letu ambalo kipindupindu hujitokeza mara kwa mara, na kama maji yako yametoka ziwani au kwenye chemchemi isiyolindwa, yatibiwe kwanza. Pwaro zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hukua zikiwa zimefukiwa udongoni, na udongo huo hujificha kati ya tabaka moja na jingine mahali ambapo jicho halioni. Kata mizizi, kisha upasue kila pwaro kwa urefu kuanzia sehemu nyeupe hadi juu, ifungue kama unavyofungua daftari, na uioshe majani yakielekea chini ili mchanga utoke bila kurudi kwenye sehemu nyeupe. Ukisikia punje moja ya mchanga chini ya jino, supu yote imeharibika, hata iwe na ladha gani. Sehemu ya kijani kibichi iliyo juu kabisa ni ngumu kutafuna, lakini isitupwe: ifunge kwa uzi, ichemke ndani ya supu, na uitoe kabla ya kupakua.

Kata vitunguu na pwaro kwa vipande vyembamba, na karoti kwa vidonge visivyozidi unene wa kidole kidogo. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia vitunguu, pwaro na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mara moja, kisha ufunike. Chumvi hii ya mwanzo ina kazi yake, nayo ni kuyatoa maji yaliyomo ndani ya kitunguu ili mboga ziive kwa unyevu wake wenyewe badala ya kukaangika. Baada ya dakika mbili hivi utasikia sauti ya ukaangaji ikipungua na kuwa mnong'ono. Ukifunua, mvuke unapanda na vipande vimeanza kung'aa. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa. Sauti ikiwa kali na kingo za kitunguu zikianza kuwa kahawia, moto umezidi: ondoa kipande kimoja au viwili vya makala, ongeza kijiko cha maji, na uendelee. Dakika 8 zikipita tia karoti na kijiti cha seleri bila majani yake, funika tena kwa dakika 5 au 6. Kufikia hapo harufu kali ya kitunguu kibichi imekwisha na imebaki harufu tamu, na ukibonyeza kipande cha pwaro kwa mwiko kinakatika bila ubishi.

Mafuta haya hayawekwi kwa ajili ya ladha peke yake. Ile rangi ya njano na machungwa iliyomo ndani ya karoti, boga na hata lengalenga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta, hivyo supu isiyo na mafuta hata kidogo hupitisha sehemu kubwa ya faida hiyo bila mwili kuichukua. Mafuta ya mawese yanafaa sana katika supu ya maharagi na ya lengalenga. Katika supu ya pwaro na viazi nisingeyatumia, kwa kuwa yanaifunika ladha ya pwaro.

Sasa mimina maji. Yakiwa tayari ya moto, supu haipoi na makala hayapotei. Hapa Bukavu ni vyema kukumbuka kwamba kutokana na mwinuko wetu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100 kama yanavyofika Dar es Salaam au Mombasa. Tofauti hiyo ya nyuzi tano inatosha kuchelewesha viazi kwa dakika kadhaa na maharagi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo dakika zilizoandikwa katika vitabu vya mapishi vya pwani au vya Ulaya zisiaminiwe sana. Jaribu kwa kisu: kikiingia na kutoka bila kubebana na kipande, mboga imeiva.

Mpangilio wa kutia vitu

Kanuni ni kwamba kigumu kitangulie na laini kifuate. Baada ya maji kuchemka, vinaingia viazi, magimbi au boga, ambavyo huhitaji dakika 20 hadi 30 kutegemea ukubwa wa vipande. Kabichi iliyokatwa nyembamba huingia zikiwa zimebaki dakika 12 hivi, na ikipikwa zaidi ya hapo hutoa ile harufu nzito inayojaza nyumba nzima. Nyanya huingia viazi vikishaiva, kwani ukali wake huvifanya viazi na maharagi kuwa vigumu kulainika, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika majiko ya watu. Lengalenga huingia mwisho kabisa, dakika 5 kabla ya kuepua, na majani ya seleri yaliyokatwakatwa huingia sufuria ikiwa tayari imeshaondolewa motoni.

Supu ya pwaro na viazi

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Tayarisha msingi ulioelezwa hapo juu ukiwa na pwaro 4 au 5 na karoti 2 tu, kisha utie kilo moja ya viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vinavyolingana. Viazi vinavyopasuka na kuwa na unga vikichemshwa vinafaa kuliko vile vinavyobaki vigumu kama sabuni, kwa sababu unga wake ndio utakaoipa supu uzito.

Viazi vikishaiva, toa nusu ya vipande uviweke katika bakuli na uviponde kwa mwiko au kwa kitako cha kikombe cha bati, ukiongeza mchuzi wa moto kidogo kidogo hadi upate uji laini, halafu uurudishe sufuriani. Anayependa supu laini kabisa anaweza kuipitisha yote katika chujio la matundu mapana akiisukuma kwa mgongo wa kijiko. Binafsi napendelea ile iliyopondwa nusu, ili mtu anayekula apate kitu cha kutafuna. Walio na mashine ya kusagia wasiiache izunguke muda mrefu, kwani viazi vikisagwa sana huvutika kama gundi. Maziwa kikombe kimoja, yakitiwa mwishoni bila kuchemshwa kwa nguvu, yanaipendeza sana supu hii, lakini si ya lazima.

Supu ya boga na karanga

Chagua boga zito lenye ganda gumu na nyama ya rangi ya machungwa iliyokolea. Boga lenye nyama ya rangi hafifu hutoa supu ya majimaji. Kumenya boga bichi ni kazi inayoweza kumkata mtu kidole, kwa hiyo likate vipande vikubwa, vichemshe na maganda yake kwa dakika 15, kisha ukwangue nyama kwa kijiko. Kilo moja na nusu ya nyama inatosha. Itie katika msingi wa vitunguu na karoti, bila pwaro ukitaka, pamoja na kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba kilichopondwa, kwani boga peke yake lina utamu unaochosha haraka.

Karanga zilizokaangwa na kusagwa zinahitaji vijiko 4 vya mezani. Zisitiwe moja kwa moja sufuriani, zitafanya mabonge. Zikoroge kwanza katika bakuli kwa maji vuguvugu mpaka ziwe uji, kisha mimina taratibu huku ukikoroga, na uache supu itokote dakika 15 kwa moto mdogo. Kuanzia hapo usiende mbali, kwa sababu karanga hushika chini ya sufuria kwa haraka ya ajabu. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe zote, maana huenda zina sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Wakati wa mvua, ambapo karanga hukauka kwa shida, jambo hili linahitaji macho zaidi. Mbegu za boga usizitupe pia. Zioshe, zikaushe karibu na moto, zikaange, na zikisagwa zinaweza kushika nafasi ya karanga.

Supu ya maharagi na kabichi

Katika supu zote hii ndiyo inayotosha kuwa mlo kamili, na ndiyo inayodai kupangwa tangu jana yake. Vikombe 2 vya maharagi makavu vichaguliwe mawe, vioshwe, na vilowekwe usiku kucha katika maji mengi, kwani yatavimba hadi karibu maradufu. Asubuhi mwaga maji hayo. Wako wanaosema kwamba maji ya kulowekea yana nguvu ya maharagi. Ukweli ni kwamba kumwaga maji hayo hupunguza vitu vinavyoleta gesi tumboni, na kinachopotea ni kidogo.

Weka maharagi katika maji mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, na kwetu huku juu ningesema dakika 20 au 30, kabla ya kupunguza moto. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa maharagi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa moto dhaifu tangu mwanzo yanaweza kusababisha kutapika na kuhara hata kama yanaonekana yameiva. Baada ya hapo maharagi mapya ya msimu huu huiva kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, na yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima yanaweza kuvuka saa mbili. Aliye na sufuria ya presha aitumie bila kusita, maana ndani yake maji huvuka nyuzi 100 na ule upungufu wa mwinuko wetu unafutika.

Asiye na sufuria ya presha anaweza kuokoa makala kwa njia ya kapu. Maharagi yakishachemka kwa nguvu kwa nusu saa, funga mfuniko vizuri, epua sufuria ikiwa bado inatokota, na uiweke haraka ndani ya kapu au boksi lililotandikwa blanketi nene, kisha uizungushie mablanketi na nguo nzito pande zote na juu pasibaki tundu. Sufuria hiyo huendelea kuivisha kwa joto lake kwa saa mbili au tatu bila kipande cha makala, na mbabula inabaki huru kwa kazi nyingine. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi, na isifunuliwe kwa udadisi. Ikitoka kapuni irudishwe motoni ichemke tena.

Wakati huo tayarisha msingi katika sufuria nyingine, ukitumia mafuta ya mawese kama unayo. Maharagi yakishalainika, na si kabla, yaunganishe na msingi pamoja na maji yake, ponda kikombe kimoja cha maharagi ili kuipa supu uzito, tia robo ya kabichi iliyokatwa nyembamba, na baada ya dakika 7 tia nyanya 3 zilizokatwa. Dakika 5 zaidi zinatosha.

Supu ya lengalenga

Hii hupikwa upesi siku ambayo mvua imekatika kidogo na mtu ametoka akarudi na fungu la majani. Vunja majani na ncha laini, acha mashina magumu, osha katika maji matatu tofauti. Kwenye msingi wenye lita moja na nusu ya maji tia viazi viwili vilivyokunwa ili kushikisha mchuzi, na vikiiva tia lengalenga kwa dakika 5 bila kufunika sana. Kamua nusu limau ukishaepua: ukali wake huamsha ladha, na vitamini C iliyomo humsaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika majani. Wapo ambao kwao supu hii bila sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, si supu, nami sibishani nao. Wakaangwe kidogo pembeni na watiwe wakati wa kupakua.

Chumvi, kube na pilipili

Kwa lita 2 za supu, vijiko 2 vya chai vya chumvi kwa jumla vinatosha, ukihesabu na ile ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kiasi kinacholingana na kijiko kimoja cha chai, na chakula cha siku hakiishii kwenye supu. Kube za mchuzi za dukani zina chumvi nyingi mno, kwa hiyo anayezitumia apunguze chumvi yake, na kube moja kwa sufuria nzima iwe mwisho. Msingi ulioivishwa vizuri hauzihitaji. Pilipili, kwa upande wake, isimamishwe nzima juu ya supu bila kupasuliwa na itolewe kabla haijapasuka: itaacha harufu yake nzuri, na anayetaka moto zaidi ataiponda katika sahani yake mwenyewe bila kuwaadhibu watoto.

Supu ikizidi chumvi, wengi hutupia kiazi kibichi wakiamini kwamba kitainyonya. Kiazi hunyonya maji yenye chumvi kama kinavyonyonya maji yoyote. Kinachosaidia ni kuongeza maji na mboga zisizo na chumvi. Supu ikishika chini, usikwangue. Imimine polepole katika sufuria nyingine, iliyoshika ibaki pale pale, halafu uonje kabla ya kuendelea.

Kuihifadhi na kuipasha

Nyumba nyingi hazina friji, na zenye friji hazina uhakika wa umeme. Supu iliyobaki isikae vuguvugu juu ya mbabula inayozimika usiku kucha, kwa kuwa katika hali hiyo ndipo vijidudu huzaliana kwa kasi. Baridi ya hapa isikudanganye, haitoshi kulinda chakula. Weka sufuria ndani ya karai lenye maji baridi, ukoroge supu na kuyabadilisha maji yakipata joto, hadi ipoe katika muda usiozidi saa mbili. Kisha ifunike na iwekwe mahali penye ubaridi zaidi nyumbani. Asubuhi ichemshwe kwa nguvu dakika kadhaa, na kama hakuna friji iliwe yote kabla ya mchana. Iliyotoa povu, uchachu au harufu ngeni haiokolewi kwa kuchemshwa. Yenye maziwa, karanga au lengalenga isilazwe bila friji. Pika inayotosha siku hiyo.

Supu ya viazi au ya maharagi iliyolala huwa nzito kuliko ilivyokuwa jana, kwa sababu wanga uliomo umeendelea kunywa maji. Ongeza kikombe cha maji ya moto, koroga kuanzia chini huku moto ukiwa mdogo, iache ichemke, na uonje chumvi upya kabla ya kupakua.